Namna ya Kukalia Kiti cha Mkurugenzi Bila Kulililia Jukwaa

Wewe mwimbaji uliyezoea kurushiwa maua, bodi imekuita na kukwambia kampuni ya opera inatafuta mkurugenzi mkuu. Kabla hujaitikia, omba vitabu vya hesabu. Ukubwa wa ofisi utauona baadaye. Vichukue vitabu vya miaka mitano, jifungie navyo chumbani kama unavyojifungia na muziki mpya, na usitoke mpaka umejua kila deni ni la nani na linadaiwa lini. Mtu anayekariri saa nne za Wagner kwa Kijerumani hana udhuru wa kushindwa na mapato na matumizi.

Chicago walijifunza hilo mwaka 1921. Mary Garden, soprano aliyekuwa Mélisande wa kwanza katika opera ya Debussy jijini Paris mwaka 1902, alikabidhiwa Chicago Opera Association huku akiendelea kuimba. Alikusanya waimbaji wa bei ghali, akaandaa msimu wa fahari, na pazia la mwisho liliposhuka hasara ilikuwa takriban dola milioni 1. Tajiri Harold McCormick ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya mzigo. Simhukumu Garden kwa yote, maana katika msimu huohuo, tarehe 30 Desemba 1921, opera ya Prokofiev The Love for Three Oranges ilisikika kwa mara ya kwanza duniani, mtunzi mwenyewe akiongoza orkestra, na inaimbwa hadi leo. Lakini kampuni ilibidi iundwe upya mwaka uliofuata, naye Garden akarudi kwenye kuimba, akaimba pale hadi 1931. Kwa hiyo thubutu kama yeye, ila ujue nani atalipa kabla pazia halijafunguliwa.

Sasa tuje kwenye hatua inayouma: nyamaza. Usijipangie nafasi hata moja, hata ile ya bibi kizee anayeimba mistari sita na kufa. Mkurugenzi akipanda jukwaani, ukweli unaondoka ukumbini. Kondakta hatakwambia umechelewa kuingia. Mrekebisha nguo atakusifu kiuno. Na yule soprano kijana aliyeisubiri nafasi hiyo kwa misimu mitatu ataikuta imekaliwa na mtu anayetia saini mkataba wake. Atalalamika kwa nani?

Hata aliye na sababu nzuri hapati kinga. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jengo la opera la Sadler's Wells jijini London lilitumika kuwahifadhi watu waliobomolewa nyumba na mabomu, na soprano Joan Cross ndiye aliyeiongoza kampuni ilipozunguka mikoani kuimba. Kazi hiyo ilihitaji moyo wa chuma. Tarehe 7 Juni 1945 ukumbi ulifunguliwa tena kwa opera mpya ya Benjamin Britten, Peter Grimes, na Cross mwenyewe akaimba nafasi ya Ellen Orford. Ulikuwa usiku mkubwa kuliko usiku wowote wa opera ya Kiingereza wa kizazi chake. Lakini ndani ya kampuni walikuwepo walionung'unika juu ya upendeleo na juu ya muziki wenyewe, na kabla mwaka haujaisha Cross, Britten na mwimbaji wa teno Peter Pears walikuwa wameshaondoka. Cross alikuwa sahihi kuhusu Peter Grimes. Naamini angelitetea chaguo lake kwa nguvu zaidi kama asingekuwa ndani ya onyesho hilo.

Najua utanitajia Cecilia Bartoli, anayeiongoza Opéra de Monte-Carlo tangu 2023 na bado anaimba. Haya. Ukiwa Bartoli, imba.

Beverly Sills, soprano binti wa Brooklyn, ndiye ningependa umfuate. Aliichukua New York City Opera mwaka 1979 kutoka kwa Julius Rudel, aliyeiongoza tangu 1957. Alikuwa na miaka 50. Oktoba 1980 aliliaga jukwaa kwa onyesho kubwa moja, kisha akageukia kazi ya kuomba. Ndiyo, kuomba, na hapo ndipo jina lako litakapokufaa kuliko sauti. Katika taarab, shabiki akiguswa huinuka na kumtunza mwimbaji palepale, noti mkononi. Mfadhili wa opera humtunza mwimbaji miaka miwili kabla ya wimbo kuimbwa, baada ya chakula cha jioni, akiwa na mwanasheria wake. Tiketi peke yake haziwezi kulilisha kundi lenye orkestra nzima, kwaya, mafundi seremala na washona nguo. Kwa hiyo Sills alikula hivyo vyakula vya jioni, akaenda kwenye televisheni, akacheka na kila mtu, na alipoondoka mwaka 1989 kampuni aliyoikuta na nakisi ilikuwa na ziada.

Usidhani njia ilikuwa laini. Mwaka 1983 wanamuziki wa orkestra waligoma. Mwaka 1985 moto uliteketeza ghala huko Passaic, New Jersey, na mavazi ya maonyesho zaidi ya 70 yakawa majivu. Jiandae kwa simu ya namna hiyo.

Kitu kimoja ambacho mhasibu hatakiwaza kitakujia wewe kutoka jukwaani: unajua watu wa viti vya nyuma wanaonekanaje wanapokuwa hawaelewi. Umewaona wakipekua karatasi gizani. Januari 1983, Canadian Opera Company ya Toronto, chini ya Lotfi Mansouri aliyeanza kama mwimbaji wa teno, ilionyesha tafsiri ya maneno juu ya jukwaa wakati Elektra ya Strauss ikiimbwa. Sills akaleta maandishi hayo kwake mwaka huohuo. Wakosoaji walichukia. Watazamaji walianza kucheka penye kuchekesha, tena kwa wakati wake.

Halafu jifunze kusema hapana kwa waimbaji. Mwalimu wako hapa ni Ardis Krainik, mezo-soprano aliyeingia Lyric Opera ya Chicago mwaka 1954 kama karani mpiga chapa, akaimba nafasi ndogondogo, na mwaka 1981 akawa mkurugenzi mkuu. Njia yake ilipitia kila dawati, na ndiyo maana alijua bei ya kila kitu. Mwaka 1989 mwimbaji wa teno Luciano Pavarotti alitoa udhuru kwa mara nyingine. Hesabu ilikuwa hivi: kati ya maonyesho 41 aliyopangiwa pale katika miaka minane, alikuwa amekosa 26. Krainik akatangaza hadharani kwamba hatamwalika tena. Aliyewahi kuimba anajua koo linavyouma, na anajua pia koo linavyosingiziwa. Mwanakwaya anayefika kila siku kwa basi anastahili kiongozi wa namna hiyo, kwa sababu onyesho likivurugika ni yeye anayebaki kuimbia viti vilivyonuna.

Mwisho, tafuta mrithi ukiwa bado una nguvu, na umtafute miongoni mwa watu wanaozijua ngazi za nyuma. Krainik alipofariki mwaka 1997, kampuni ilishikwa na William Mason, ambaye mwaka 1954, Lyric ilipokuwa changa na Krainik akipiga chapa ofisini, alikuwa mtoto aliyeimba nafasi ya mchungaji katika Tosca. Aliiongoza hadi 2011. Kwa hiyo wiki yako ya kwanza, shuka kwenye mazoezi ya watoto, jua majina yao, na hakikisha wamekula.