Shangazi wa Nyuzi Akujibu

Kwako shangazi. Namfumia mama mkwe blanketi la kroshia ya Tunisia, nimkabidhi siku ya ruracio, tukipeleka mahari. Kila nikilitandaza linajikunja kama chapati iliyoachwa juani. Wenzangu wa bodaboda wananicheka. Je, nimerogwa?
Muoaji, Karatina

Hakuna aliyekuroga, mwanangu. Katika kroshia hiyo unakusanya vitanzi vya safu nzima kwenye sindano ndefu, kisha unavirudisha kimoja kimoja, na kazi haigeuzwi kamwe. Ndiyo maana upande mmoja huvuta kuliko mwingine. Tafuta sindano nene kidogo na ulegeze mkono. Ukimaliza, lilowanishe, lipigilie pini kingoni, likauke likiwa limenyooka. Kwa baridi ya Julai ya huko kwenu, usiahidi kesho. Na kama uzi ni akriliki, pasi isiliguse: litalegea na halitarudi tena. Hao wanaokucheka waulize mablanketi waliyopeleka ukweni yalitoka wapi. Dukani, na lebo aliibandua mama mkwe mwenyewe.

Kwako shangazi. Mke wangu anatarizi Mlima Kenya kwenye blanketi la kroshia ya Tunisia la mtoto wa dada yake. Nikiuliza chakula, anajibu, "Thelathini na nane." Nifanyeje?
Mwenye Njaa, Othaya

Alikuwa anahesabu, ukamvuruga. Kila mshono wa kroshia hiyo huacha kijiti wima, na vijiti hivyo ndivyo miraba yake: kila kijiti na msalaba wake. Akiruka kimoja, kilele cha Lenana kitakipita cha Batian, na Batian ndicho chenye mita 5,199. Watoto wa siku hizi wanasoma jiografia, wataona. Unga upo, sufuria ipo, mikono unayo.

Kwako shangazi. Blanketi la maua ninalomfumia cucu, bibi yangu, limenishinda katikati. Naweza kununua lililo tayari nikasema nimelifuma mwenyewe?
Mchovu, Nanyuki

Hapo hapo mjini mna kina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers, kikundi cha tangu 1977, wanaosokota sufu na kuifuma kwa mikono yao. Kununua kwao si aibu hata kidogo. Tatizo ni huo uongo wako. Cucu hatatazama maua utakayomwonyesha. Atalipindua blanketi, akague mafundo mgongoni, kisha akupe uzi na sindano umwongezee ua moja pembeni, yeye akitazama. Nunua, na useme umenunua.