Mkia wa Datsun

Baba Neema alirithi kwa marehemu baba yake shamba la migomba huko Tengeru na Datsun 240Z ya mwaka 1972. Shamba tumekodisha. Gari liko hapa Lemara, na ndilo lililotufanya tupitishe washenga kwenye banda la kuku.

Lakini nilitetee kwanza. Datsun ya namna hii ilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, Edgar Herrmann akiwa usukani. Mwaka 1973 ikashinda tena, mara hii na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliyelingana pointi na Harry Källström hadi ikabidi kanuni iwaamue. Gari kama hilo huliuzi kwa sababu linatikisa mkia.

Na lilikuwa linatikisa kwelikweli. Ukikata kona ukaachia mafuta ghafla, nyuma inataka kwenda njia yake. Matairi ya nyuma yalilika upande wa ndani tu. Baba Neema akawa anaulizia springi ngumu na shokapu mpya. Fundi akalala chini, akachomeka nondo, akanyanyua kidogo. Mkono wa chini wote ukacheza.

“Mzee, bushi zimekwisha. Springi za nini?”

Kwenye 240Z kila tairi la nyuma linajitegemea, limeshikwa chini na mkono unaobembea kwenye bushi za raba. Raba ikifa, tairi linageuka lenyewe kila ukikanyaga au ukiachia mafuta. Na ili utoe bushi za upande wa tairi, lazima uchomoe pini ndefu ambayo huota kutu ikagandana na chuma kilichoibeba. Walimimina dizeli, wakagonga nyundo mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni. Gari likabaki juu ya mawe, limeziba geti. Mwishowe pini ikakatwa kwa msumeno, vipande vikahifadhiwa viwe kipimo kwa fundi wa kukereza. Kitinda mimba wetu akaviuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu, akala mahindi ya kuchoma.

Ndiyo wiki washenga wa Neema walipokuja. “Shikamooni wazee, piteni huku,” nikawaongoza katikati ya kuku, na suti zao. Iliniuma sana.

Pini ya upande wa pili ilitoka nzima, ikapelekwa iwe kipimo. Zikakerezwa mbili kutoka ekseli kuukuu, pamoja na ule mfuo mdogo wa katikati unaokaliwa na kabari. Zikalala kwenye friza yangu, kati ya barafu za ubuyu ninazouza, zisinyae. Asubuhi zikaingia bila nyundo.

Bushi za plastiki ngumu nilizikataa mimi. Kwa lami ya Moshi sawa, kwa mawe ya Lemara raba ndiyo yake. Sasa gari linakata kona limetulia, na springi ni zilezile.

Mwenye gari la aina hii, nakuomba: nati za bushi za raba zikazwe gari likiwa limesimama kwenye matairi yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba itajisokota likishushwa, nayo itachanika mapema.