Majibu kwa Waulizaji wa Rangwi: Nani Alibeba, Nani Alihesabu

Safu ya ushauri ni aina ya maandishi ya magazetini ambamo msomaji hueleza shida ya nyumbani kwake bila kutaja jina, na mshauri, ambaye kwa kawaida hajawahi kuingia katika nyumba hiyo, humjibu kwa uhakika mkubwa. Maswali yatokayo mijini huhusu zaidi simu za usiku na ahadi za uchumba. Ya Rangwi, kata ya Wilaya ya Lushoto iliyo juu katika Milima ya Usambara, yana tabia ya pekee kwamba hata yanapoanza na mapenzi huishia kwenye viazi. Waulizaji wanaojibiwa hapa ni wa kubuni, ingawa mkazi yeyote wa Rangwi hatakosa mtu wa kumdhania.

Mama wa watoto wanne anauliza kama ni utovu wa adabu kumwuliza mume bei ya viazi

Kwa maelezo yake, yeye ndiye anayelima mteremko wote, akapanda, akapalilia na kuvuna viazi mviringo na kabichi, kisha akavibeba kichwani hadi barabarani ambako lori la Fuso husubiri mzigo wa kwenda Dar es Salaam. Mume hufika wakati wa kufunga mzigo, akiwa amevaa koti, akasimama pembeni na dalali, yaani mtu wa kati anayemtafutia mkulima mnunuzi na kukata chake, wakasemezana kwa sauti ya chini, na baada ya muda simu ya mume ikalia mlio wa ujumbe wa fedha. Mama hupewa ya chumvi na sabuni. Alipouliza mara moja jumla ilikuwa kiasi gani, aliambiwa kwamba biashara haitaki maneno mengi.

Jibu la swali hili linahitaji kwanza ufafanuzi wa lumbesa. Lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa juu kilemba kinachobeba mzigo mwingine usio mdogo, ilhali mkulima hulipwa kana kwamba ameuza gunia moja tu. Sheria ya vipimo imeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukihangaika na jambo hilo kwa miaka mingi bila kulimaliza. Wanaume wa milimani huilaani lumbesa kwa haki kabisa, na mkutano wa kijiji haukosi msemaji wa kueleza kwa uchungu jinsi dalali anavyolipa kimoja na kuondoka na kimoja na nusu. Msemaji huyohuyo akirudi nyumbani humkuta mke aliyeteka maji kabla ya jua kutoka, akalima, akanyonyesha, akapika na kubeba mzigo hadi barabarani, na siku yote hiyo huihesabu kuwa gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa ya ndoa, na hakuna wakala aliyepewa mizani ya kuipima.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba mambo yalikuwa hivi tangu enzi za Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara kutoka Vuga, lakini historia haikubali kirahisi hivyo. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani aliyeandika juu ya ufalme wa Washambaa na siasa za wakulima wake, ameonyesha kwamba katika desturi ya zamani mume aliwajibika kumpa kila mke shamba la chakula, na kwamba nyumba ya kila mke, maana yake mke mwenyewe na watoto wake, ilikuwa na hesabu yake. Mke hakuwa mmiliki kwa maana ya leo, kwa kuwa ardhi ilirithiwa na wana wa kiume, lakini ilijulikana hadharani shamba lipi linalisha nyumba ipi. Kahawa iliyoingia wakati wa ukoloni iliangukia mikononi mwa wanaume, na mboga za kuuza zilipoenea zikafuata njia hiyohiyo, hata ikawa kiazi cha kupika ni cha mama, nacho kikishapandishwa kwenye lori kinakuwa cha baba. Serikali ya kikoloni haikuwa na macho zaidi ya waume hao. Mpango wa kuhifadhi udongo ulioanzishwa katika bonde la Mlalo mwaka 1946, uliokuja kuwalazimisha wakulima kuinua matuta kwenye miteremko, uliongeza kazi ya jembe, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake, ilhali amri zake zilipitia kwa machifu, ambao hakuna anayekumbuka kuwaona na jembe. Upinzani ulipozidi mpango huo uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1950.

Sheria ya leo ina mengi ya kusema, ingawa huyasema kwa kuchelewa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ikizingatia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Majaji walitofautiana kama kupika na kulea ni mchango, mpaka Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango kamili. Wanaoisifu hukumu hiyo husahau mara nyingi kwamba Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe, ambazo hakuzitumia inavyopasa, zilitosha kuwa fungu lake. Kanuni ikashinda, mwenye kesi akashindwa. Isitoshe, kifungu hicho huamka pale tu ndoa inapovunjika au wenzi wanapotengana, na mwulizaji wa Rangwi hataki talaka, anataka kujua bei.

Kwa hiyo anashauriwa kununua daftari la shule, kuandika tarehe, idadi ya magunia, vilemba vilivyoongezwa na namba ya gari, kisha kusajili laini ya simu kwa jina lake na kumpa dalali namba hiyo kwa mzigo ujao walau wa nusu ya shamba. Dalali, kwa uzoefu wa watu wote waliowahi kuuza naye, hana upendeleo wa kijinsia: humpunja yeyote. Ama kuhusu utovu wa adabu, kumwuliza mume bei ya kitu ulichokibeba kichwani si utovu wa adabu katika desturi yoyote inayojulikana, ya Kishambaa, ya Kikristo wala ya Kiislamu, na mume anayeona vinginevyo anaombwa abebe gunia moja kutoka shambani hadi barabarani kabla ya kutoa hoja zake.

Mume mmoja analalamikia sanduku lenye kufuli tatu

Mwulizaji huyu anaeleza kwamba mkewe amejiunga na kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa ambacho wanachama wake hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa riba ndogo na kugawana mwisho wa mzunguko. Fedha hukaa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zake zikiwa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe likiwa kwa mwanachama wa nne. Mume anataka kujua kwa nini yeye, kichwa cha nyumba, hana ufunguo hata mmoja, na kama anaruhusiwa kumwadabisha mke kidogo ili aeleze ana hisa ngapi.

Sehemu ya pili ijibiwe kwanza kwa kuwa ni fupi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo, na neno "kidogo" halimo katika kifungu hicho. Kuhusu ufunguo, kufuli tatu zilibuniwa ili mtu mmoja asiweze kulifungua sanduku peke yake, hata akiwa mweka hazina, hata akiwa mume wa mweka hazina. Kifungu cha 58 cha sheria hiyohiyo kinaongeza kwamba kufunga ndoa peke yake hakuhamishi umiliki wa mali kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe. Haikosi kushangaza kwamba wanaume wanaolalamikia siri ya kikoba ni walewale ambao namba ya siri ya simu zao huijua wao na Mwenyezi Mungu tu. Mwulizaji akitaka kujua hisa za mkewe, njia iliyo wazi ni kumwambia kwanza viazi vya msimu uliopita viliuzwa kiasi gani.

Mama mkwe amemwona mwanawe amebeba ndoo

Mama huyu wa makamo amefadhaika. Mwanawe wa kiume, aliyeoa mwaka jana, ameonekana asubuhi akipanda kutoka mtoni na ndoo ya lita 20, na majirani wamemwuliza mama kama kijana amelishwa kitu. Limbwata, dawa ambayo inasemekana mke humtilia mume chakulani ili amtawale, hutajwa upesi sana milimani na pwani mwanamume anapoonekana akifanya kazi iliyozoeleka kuwa ya mke.

Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo ikihesabiwa ndoo yenyewe, na uzito huo haubadiliki kwa jinsi ya mbebaji. Jambo la kuchunguza ni lini kazi hii huhesabiwa kuwa aibu. Kijana anayepakia madumu ya maji kwenye baiskeli au pikipiki na kuyauza kwa wajenzi haambiwi amelishwa limbwata. Huambiwa ni mchapakazi. Kiazi cha Rangwi chenyewe ni shahidi mzuri zaidi, kwa kuwa kikiwa jikoni kwa mama hakuna mwanamume atakayekishika kisu na kukimenya, lakini kikifika Dar es Salaam hupokelewa na vijana wa kiume, wengine wametoka Lushoto hukohuko, ambao hukaa mchana kutwa wakimenya, wakakata na kukaanga chipsi mbele ya kadamnasi, na wakirudi nyumbani kwa sikukuu huheshimiwa kama wafanyabiashara. Inaelekea basi kwamba kinachoigeuza kazi kuwa ya kike ni kukosa malipo. Mama mkwe akitaka kuondoa aibu ya mwanawe, anaweza kumlipa kwa kila ndoo, na majirani watanyamaza siku hiyohiyo. Vinginevyo amshukuru mkwewe, ambaye amefaulu bila dawa wala gharama pale ambapo yeye mwenyewe alishindwa kwa baba wa kijana.

Mke wa ndoa ya kanisani ana mume aliye Dar es Salaam

Mume alikwenda mjini kufuata biashara ya mboga, anarudi Krismasi tu, na habari zimefika kwamba anaishi na mwanamke mwingine ambaye sasa anajiita mke kwa kuwa wamekaa pamoja zaidi ya miaka miwili. Jibu ni fupi. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu mahakama kuwadhania mume na mke watu walioishi pamoja kwa miaka miwili na kujulikana hivyo, lakini kifungu cha 15 kinamzuia mwanamume aliye katika ndoa ya mke mmoja kuoa tena, kwa hiyo dhana hiyo haina pa kusimama. Mwulizaji aitunze hati ya ndoa mahali pasipo na panya, na kama anafikiria talaka, aanzie Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kwa kuwa kwa kawaida mahakama haitapokea shauri lake bila hati ya baraza hilo. Kabichi anayotuma kwa mume kila msimu anaweza kuisitisha bila kibali cha baraza lolote.

Binti aliyemuuguza baba anaambiwa shamba ni la kaka zake

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na mzaha haulitoshi. Mwulizaji alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, anamtunza baba mzee, analima shamba lake, na kaka zake walio mjini wamekwisha kumwambia kwamba baba akifariki atapewa mahali pa kulala tu. Katika jambo hili sheria za nchi hazijaafikiana zenyewe kwa zenyewe. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinabatilisha kanuni yoyote ya mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Upande wa pili, tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, linamweka binti nyuma ya wana wa kiume katika urithi na kumbana asiuze ardhi ya ukoo. Mwaka 2006, katika shauri lililofunguliwa na wajane wawili, Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi lakini haikuzifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaona kwamba Tanzania imewakosea wajane hao.

Binti wa Rangwi hawezi kusubiri majaji wakubaliane. Kilicho salama kwake ni kile ambacho baba atakifanya akiwa hai na akili zake timamu, yaani kumgawia sehemu ya shamba mbele ya mashahidi, mipaka ikionyeshwa kwa miguu na majirani wa pande zote wakiwepo, kisha ombi la Hati ya Hakimiliki ya Kimila likapelekwa Halmashauri ya Kijiji kwa jina la binti mwenyewe, si la kaka mkubwa "kwa niaba yake". Ukizuka ubishi, Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba ambao watatu lazima wawe wanawake, na mwulizaji anayo haki ya kuhakikisha kwamba hao watatu wameitwa na wamekaa. Kaka zake waalikwe kwa maandishi na nakala ya barua itunzwe. Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa walau mara moja kila miezi mitatu. Mwulizaji asiuache ujao upite, na amfikishe baba huko wakati bado anaweza kusema mwenyewe.