Shangazi Dhidi ya Rubani

Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita kama 11,800, na tangu Oktoba 2018 ndege huenda moja kwa moja, safari ya takriban saa 15 bila kutua popote. Hesabu hiyo inamtosha kila mtu isipokuwa shangazi yangu.

Kabla hatujaondoka kwenda kwenye mahafali ya mwanawe, alimpigia simu. Binamu amekaa majuu hadi siku hizi anataja saa kama ilivyoandikwa kwenye simu yake.

"Huko saa ngapi, baba?"

"Saa nane, mama."

Shangazi akatazama saa ya mkononi: saa tisa alasiri. Akanigeukia. "Tumepishana saa moja tu! Hayo masaa mengine kumi na manne wanatupeleka wapi?"

Nikamweleza kwamba nane ya binamu ni saa mbili ya asubuhi. Kwamba mwezi wa Mei New York iko nyuma yetu kwa saa saba, lakini ikifika Novemba wanarudisha mishale nyuma, zinakuwa nane.

"Watu wasiojua ni saa ngapi," akasema, "ndio mnaonipeleka kwao?"

Ndani ya ndege ugomvi ukahamia kwenye ramani iliyo kwenye kioo cha kiti. Mstari wa safari ulipanda Sudan Kusini, ukakata Chad na Algeria, ukatokea Moroko, ndipo ukaingia Atlantiki. "Mbona huyu anazunguka kama matatu inayokwepa polisi?" Nikasema dunia ni mviringo, na hiyo ndiyo njia ya mkato; ramani imeilaza tu. Mzee wa kiti cha pili, mtu wa suti na miwani, akaondoa vidude masikioni. "Hata mimi nilishangaa," akasema. Kuanzia hapo walikuwa wawili.

Shangazi humeza dawa ya presha saa mbili asubuhi, baada ya chai, na hajawahi kuchelewa. Saa yake ilipogonga mbili, ndege nzima ilikuwa inakoroma na nje giza tororo. Akabonyeza kitufe. Mhudumu akaja akinyata.

"Chai, mwanangu. Na mkate."

"Mama, bado ni usiku."

"Usiku wa nani?"

Kijana wa watu akatazama saa yake, akatazama dirisha, akanitazama mimi. Chai ikaletwa. Kwa kweli shangazi hakuwa na kosa: ukielekea magharibi unalikimbia jua, na lilitufikia katikati ya bahari, kwa Nairobi ikiwa yapata saa nne na nusu. Alifungua pazia la dirisha ili mwanga uwapige waliolala.

Kurudi ni saa 14 hivi, kwa kuwa upepo mkali wa huko juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege. Nilimwambia hivyo nikidhani atafurahi. Akauliza kama nauli nayo imepungua.

Tulitua Nairobi mvua imenyesha. Toka uwanjani hadi katikati ya jiji hazizidi kilomita 20, lakini jam ya Mombasa Road haijui kilomita. Dereva wa teksi akazima injini, akawasha, akazima tena, kisha akakata kona kuingia Industrial Area. Shangazi akamgonga begani na kumwuliza kama naye anapitia Moroko.