Sifa za Vumbi la Mgongoni mwa Jokofu

Waandishi wa kale hawakuona haya kuwasifu wanyonge. Lucian wa Samosata alimwandikia nzi sifa zake, na Al-Jahiz wa Basra alijaza kurasa nyingi za kitabu chake cha wanyama kwa hoja za mtu amteteaye mbwa na mtu amteteaye jogoo. Ikiwa nzi na mbwa walijaliwa mawakili wa daraja ile, sioni sababu ya vumbi ligandalo mgongoni mwa jokofu la hoteli, ambalo halina uadui na mtu yeyote isipokuwa mwenye kulipa, kukaa mpaka leo bila ya msemaji.

Tuanze na nasaba yake, maana ni tukufu. Vumbi la barazani ni mchanga mtupu, na vumbi la kabatini halina jadi ila nguo kuukuu. Walakini hili la jikoni ni mjukuu wa kila pishi. Umo ndani yake unga wa ngano uliorushwa alfajiri na mpika chapati, umo mvuke wa mafuta ya sambusa uliopanda ukapoa ukakosa pa kutua, zimo nyuzi za aproni, na yamo manyoya ya paka ambaye kila mtumishi huapa kwamba hakanyagi jikoni. Katika miji ya pwani, kama Mombasa na Unguja, bahari nayo hutoa sadaka yake ya chumvi, ambayo upepo huifikisha hata stoo, ikaitafuna alumini taratibu bila ya ghadhabu. Jamaa hawa wote, baada ya kukutana, hushikamana wakawa blanketi moja laini la rangi ya majivu.

Na blanketi hilo halikujitandika ovyo. Jokofu, kwa hakika, halitengenezi baridi. Kazi yake ni kulihamisha joto kutoka ndani kulipeleka nje. Kompresa huigandamiza gesi hata ikawa moto, kisha gesi hiyo hupitishwa katika kondensa, yaani mabomba yaliyovikwa mapezi membamba, ambapo feni huvuta hewa ya jikoni ikapita baina ya mapezi na kulichukua joto, mpaka gesi igeuke kimiminika na safari ianze tena. Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akikaa London, alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya namna hiyo mwaka 1834. Sasa tazama hekima ya vumbi: katika kiwiliwili chote kile cha chuma limechagua kukaa papo hapo penye mapezi, ambapo tabaka jembamba tu latosha kuitaabisha mashine nzima. Lingalikaa mlangoni, lingalifutwa kila asubuhi. Limejisetiri nyuma, karibu na ukuta, kwa unyenyekevu ambao wakuu wachache wameujua.

Ihsani yake haina ubaguzi. Joto likikosa njia ya kutokea, shinikizo hupanda, kompresa hunguruma usiku na mchana bila ya kupumzika, na mita ya umeme huenda mbio. Hapo mwenye umeme hupata riziki. Kompresa ikiungua, fundi hupata riziki. Na muuza kompresa, ambaye alikuwa amejikalia dukani akimshukuru Mola kwa kidogo, huletewa neema mpaka mlangoni. Nguru waliotakiwa kulala chini ya nyuzi 5 huamkia nyuzi 12, na yule paka asiyekanyaga jikoni hufanyiwa karamu.

Insafu yanitaka niwataje na mahasimu zake. Ni brashi laini, ivutwayo kwa kufuata mapezi wala si kwa kuyakata, maana hupinda upesi; ni mashine ya kuvuta vumbi; na mahali penye kukaanga sana, ni mtu wa kuifanya kazi hiyo kila mwezi. Si kazi ndefu. Lakini haina hadhi: mtu hupiga magoti, hujipenyeza ukutani, hutoka na majivu usoni, na hapana mgeni hata mmoja atakayemwambia ahsante. Hiyo ndiyo ngome ya vumbi, na bado sijaona jeshi la kuivunja. Meneja hukagua mlango wa chuma cha pua mpaka aone masharubu yake, akaondoka ameridhika.

Ndugu zake nitawapitia mbio. Ukungu mweusi wa mpira wa mlango huikaribisha hewa ya moto bila ya hodi. Bana karatasi mlangoni, na ikichomoka bila ya kushindana, ujue kuna pengo. Ute wa mfereji wa maji hufurikisha sakafu. Na barafu ya friza humshawishi mpishi mwenye haraka kuchukua kisu, kisu kikatoboa bomba, gesi ikaenda zake; kisa hicho peke yake kimesomesha watoto wa mafundi wengi.

Basi enyi wenye hoteli, mkipenda kuendelea kulienzi vumbi hili, hamna haja ya kujifunza lolote jipya: panguseni milango. Na akiwapo miongoni mwenu mkaidi atakaye kulifukuza, namsihi jambo moja tu, achomoe plagi kwanza.