Mkojo Ulioipita Poti

Pwani hii kila kitu kimeshasifiwa: mnazi, jahazi, halua, mabibi harusi. Mkojo wa mtoto haujapata wa kuusifu. Basi naushika mimi, na si mkojo wowote, bali ule wa mtoto wa miaka miwili aliyeketishwa juu ya poti uani, akabembelezwa, akaimbiwa, akafunguliwa hata mfereji ili asikie maji yakitiririka, akainuka mkavu kama ng'onda, kisha akapiga hatua tatu hadi kwenye mkeka wa wageni na kuuachia hapo.

Kwanza, haujui vyeo. Utamlowesha shangazi mwenye buibui jipya na fundi aliyekuja kudai pesa zake, wote sawa, na wote wataambiwa, "Baraka hiyo!" Aliyelowa hana budi kucheka. Sijaona deni lililoahirishwa kwa amani zaidi.

Pili, ni mwalimu wa fiqhi. Wako watu waliokaa chuoni miaka na wasiikumbuke hukumu ya najisi hata moja, wakaikumbuka yote siku kanzu ilipolowa Ijumaa saa sita. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi hapa, mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili na ambaye chakula chake ni maziwa tu hunyunyiziwa maji ukatoharika. Wa mtoto wa kike huoshwa tangu mwanzo. Lakini huyu wetu wa umri wa poti, awe mume au mke, ameshakula uji, ameshakula wali, na asubuhi hii alionekana kwa jirani na kiazi karai mkononi. Hana tena punguzo. Ni kuosha.

Na kuosha ni maji. Maji ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba. Yakifika Kisauni huwa yamechoka, na siku nyingine mfereji hupiga mluzi wa hewa tu. Hapo ni kungoja mkokoteni na mitungi yake ya lita 20. Ndipo mzazi anapojua hasa mkeka unaoshwa kwa makopo mangapi, na yale ya mwisho yanamwagiwa mche gani uani.

Lakini kipaji chake kikubwa ni kuchagua wakati. Mtoto aliyekataa choo cha nyumbani, akakataa na cha stendi ya Likoni, huingoja feri ijae, iondoke, ifike katikati ya mkondo, ndipo atamke kwa sauti ya muadhini: "Mama, kojo!" Umati uliobanana hata mkono haupiti hugawanyika papo hapo, duara kamili, watu wakiinua leso na mikoba. Hata msafara wa waziri haupewi njia kwa haraka hiyo.

Poti nayo isilaumiwe. Inafanya kazi zote isipokuwa moja. Ile ya plastiki iliyonunuliwa Kongowea huvaliwa kofia, hupigwa ngoma, huogeshewa mwanasesere. Mtoto akiikimbia, pa kwenda hana. Katika nyumba za vyumba za Changamwe, choo ni kimoja huko nyuma kwa wapangaji wote, na tundu lake lina giza na ukubwa wa kumtosha mwenyewe mzimamzima. Akiliogopa, mimi namwita mtu mwenye akili.

Adui wa mkojo ni pampasi, inayouzwa moja moja hata katika kioski cha mtaani. Hiyo huufumba mdomo. Mtoto amekojoa na hajui, mama hajui, sakafu haijui. Siku ya pili gari la taka ndilo linalojua, likielekea Mwakirunge. Bila pampasi mkojo husema kweli hapo hapo: umelowa, na aliyepaswa kukutazama alikuwa anatazama simu.

Kweli hiyo Wadigo waliijua zamani, huku kwingine mzazi akiambiwa asubiri. Mwaka 1962 daktari Mmarekani T. Berry Brazelton aliandika katika jarida la Pediatrics kuhusu watoto 1,170, akishauri mzazi angoje mtoto awe tayari. Watoto hao walikauka mchana kwa wastani wa miezi 28.5. Mwaka 1977, katika jarida hilo hilo, watafiti Marten deVries na Rachel deVries wakaeleza waliyoyaona kwa Wadigo wa pwani ya kusini. Mama alianza wiki za mwanzo tu baada ya kuzaa. Alikaa chini nje, miguu ameinyoosha, mtoto katikati ya miguu ameegemea mwili wake, naye akipiga "shuuu". Mtoto akikojoa, hunyonyeshwa na kubembelezwa. Mama alijifunza kila mgugumio na kila mnyong'oro wa mwanawe, na alipofika miezi mitano au sita mtoto alikuwa mkavu mchana na usiku. Hakuna poti, hakuna wimbo, hakuna pipi ya kuhonga. Wasomi wanaweza kuuliza nani hasa alikuwa akifundishwa pale. Mkojo, kwa adabu yake, haukuwahi kumtaja.

Likoni bado wako mabibi wenye mkono huo. Bibi wa namna hiyo akiletewa mjukuu wa miaka miwili na nusu aliyelelewa na pampasi, hunyoosha miguu yake, humweka, na kupiga "shuuu" moja ndefu. Mtoto humtazama tu kwa heshima zote, mkavu. Anayeinuka mbiombio kuelekea uani ni babake.