Shemeji, Karata na Maji ya Usiku

Nyumbani kwetu Keshero maji ya bomba huja usiku. Bomba linaweza kukaa kavu wiki nzima, kisha saa nane au saa tisa za usiku linaanza kukoroma, linatema hewa, na baada ya dakika chache maji yanatoka kwa nguvu. Yakikukuta umelala, asubuhi utabeba bido zako za njano uteremke ziwani, ama ununue kwa wanaopita nayo mtaani. Wa Goma hahitaji kuelezwa. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano, na kuchimba mtaro wa bomba ni kupasua mwamba. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu tangi kubwa na mabomba upande wa kaskazini, watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji safi. Tangu hapo kila bido nyumbani kwetu ina heshima yake.

Kwa hiyo mama mkwe alipogundua kwamba mdogo wa mume wangu anakesha kila Jumapili kwa hiari yake, aliona ni neema. Mchana shemeji anatengeneza simu Birere. Usiku wa Jumapili anacheza poka mtandaoni, katika mashindano ya watu maelfu yanayopangwa kwa saa za Ulaya. Msimu wa baridi, London ikiwa saa moja jioni, Goma tayari ni saa tatu usiku, na anayefika mbali haondoki mezani kabla ya alfajiri.

“Si unalindaka macho?” mama mkwe akamwambia. “Basi utalindaka na mayi.”

Akakubali. Mpira wa bomba ukaingizwa ndani ya pipa la koridoni, bido zikapangwa kando, na kiti cha shemeji kikawekwa hatua chache tu kutoka hapo.

Nataka ieleweke kwamba kijana huyu hachezi ovyo. Anatenga kiasi kidogo cha pesa, kikiisha amefunga simu, na hajawahi kukopa ili aingie mezani. Kilichomvuta ni habari ya Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee ambaye mwaka 2003 alilipa dola 86 tu kuingia katika shindano dogo la mtandaoni, likamfungulia njia ya kupata tiketi ya mashindano ya dunia Las Vegas yenye ada ya dola 10,000. Huko akawashinda wachezaji wengine 838, akaondoka na dola milioni 2.5. Mtu anayetengeneza simu za wenzake kwa bei ya kubembelezana akisikia habari hiyo, kichwa kinafanya kazi. Mimi sikumlaumu.

Lakini kukesha si kazi ya mtu mmoja, na hilo ndilo watu wa nyumba yetu walichelewa kulikubali. Ili shemeji awe macho saa kumi usiku, ilibidi alale Jumapili mchana, baada ya misa. Watoto wakahamishiwa kwa jirani. Redio ikazimwa. Mama mkwe, ambaye kwake mwanamume mzima anayelala saa nane mchana ni mgonjwa, akawa anaingia chumbani kumpima homa kwa kiganja, na kila akimpima anamwamsha. Nikamwomba aniachie mimi jukumu la kumpima. Akaniachia, ila akasimama mlangoni.

Kisha likaja suala la chakula, na hapo nyumba karibu igawanyike. Bugali na sombe ukivila vizuri saa mbili usiku, saa tano unatafuta mto. Shemeji akaomba sahani ndogo: sambaza za kukaanga, ndizi, karanga za kutafuna baadaye. Mama mkwe akaona sahani ya bugali imerudi jikoni haijaguswa. Hakusema kitu. Alikaa kimya mpaka Jumanne, na wanaomfahamu wanajua kimya hicho kina uzito gani. Ilibidi mume wangu amweleze taratibu kwamba hakuna aliyekikataa chakula chake, ila tumbo lililojaa linaita usingizi.

Kahawa haikuwa na mgogoro, maana kahawa ya Kivu hatuikosi. Shida ilikuwa namna ya kuinywa. Mwanzoni alikuwa anakunywa birika zima kabla ya karata ya kwanza, mikono inatetemeka, na saa tisa usiku amekwisha. Kafeini huchukua takriban saa tano hadi nusu yake itoke mwilini. Ukiimwaga yote mwanzoni umeitumia wakati bado una nguvu zako mwenyewe, na usingizi wa Jumatatu umeuharibu pia. Akajifunza kunywa kikombe kidogo kidogo kuanzia saa sita. Mbabula ya kuchemshia niliikataza isikae ndani. Makala yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, lakini hewa yake inaua mtu aliyefunga madirisha, na sisi tunaoishi na mazuku, ile hewa ya sumu itokayo ardhini, tunajua hewa isiyoonekana ni kitu gani. Birika likakaa barazani, na kila akilifuata alipata hewa safi bila kuambiwa.

Ugumu wa poka ya mashindano, kama nilivyouona kwa kukaa naye, ni kwamba muda mwingi hufanyi kitu. Unapewa karata mbili, unazitazama, unazitupa. Unapewa nyingine, unazitupa. Mchezaji mzuri anatupa nyingi kuliko anazocheza, saa baada ya saa, na katikati ya utupaji huo inakuja karata moja ambayo ukiikosea umetoka. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mwingereza Norman Mackworth alichapisha majaribio aliyofanya kwa ajili ya watazamaji wa rada wakati wa vita. Aliwakalisha watu mbele ya saa yenye mshale mmoja unaoruka hatua moja moja. Mara chache sana uliruka hatua mbili, na mtazamaji alitakiwa kuuona. Ndani ya nusu saa tu walianza kuukosa. Walikuwa vijana wenye afya, na walikuwa wanajitahidi. Umakini unachoka kwa kungoja kuliko kwa kutenda.

Ndiyo maana shemeji aliziheshimu zile dakika 5 za mapumziko zinazotolewa kila saa. Aliacha simu, akatoka nje, akanawa uso, akatazama taa za wavuvi wa sambaza ziwani ili macho yapumzike na kioo. Katika mapumziko hayo hayo aligusa bomba. Kwa majuma kadhaa mpango ulikwenda sawasawa, bido zikajaa, na mama mkwe akaanza kumsifu mwanawe kwa majirani.

Usiku wa msiba wetu mvua ilinyesha. Umeme ulikatika mapema, chaja yake ikabaki sakafuni imechomekwa kwenye ukuta usio na kitu. Mvua ya Goma ikipiga mabati huwezi kumsikia aliye kando yako, na kwa sababu hiyo shemeji alivaa visikilizi, apate kusikia simu ikimwita zamu yake ikifika. Saa tisa na kitu alikuwa karibu na mpaka wa malipo, pale wachezaji wanapotoka mmoja mmoja na wote waliobaki wanahesabu nani atatoka bila kitu. Chipu zake zilikuwa chache. Akapewa ree na mfalme wa shupaza.

Bomba likakoroma, mvua ikalifunika. Pipa likajaa. Nje maji yangezama mara moja katikati ya mawe ya lava, lakini sakafu yetu ya ndani ni ya saruji na fundi aliisawazisha vizuri mno. Maji yakatanda koridoni, yakapita chini ya mlango, yakaingia chumbani kwa mama mkwe, ambako gunia la unga wa muhogo na gunia la makala yalikuwa yamesimama sakafuni, mbali na wezi. Yeye aliamka saa kumi kasoro kwa sala yake, akashusha miguu.

“Muamuke! Mayi imeyala mu nyumba!”

Tukatoka na tochi. Shemeji alikuwa juu ya kiti, miguu ameikunja, mkavu kabisa, macho kwenye simu. Kandambili ya mtoto wetu mdogo ilikuwa inaelea ikimpita taratibu kuelekea mlangoni. Na chaja haikuwa sakafuni tena. Ilikuwa juu ya meza, waya wake umezungushwa vizuri.

Chaja hiyo ndiyo iliyoleta kesi. Mume wangu alisema ni ushahidi: aliyenyanyua chaja aliyaona maji, na aliyeyaona maji akaacha unga wa mama yake ulowe anastahili kutafuta nyumba nyingine. Shemeji akaapa kwa machozi kwamba hakumbuki kunyanyua chaja yoyote. Mimi nilimwamini, na nilisema hivyo mbele ya wote.

Nikawaeleza kwamba mwaka 1999 watafiti Daniel Simons na Christopher Chabris walichapisha jaribio ambamo watu walionyeshwa video ya wachezaji wa mpira wa kikapu, wakaambiwa wahesabu pasi. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la gorila anapita, anajipiga kifua, anaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao yalikuwa wazi na gorila alikuwa mbele yao. Mama mkwe alilikataa jaribio hilo katakata. Tunaishi jirani na hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na anajua ngagi ana ukubwa gani. “Ngagi anapita katikati ya watu, na habamuone?” Akamwangalia mwanawe kwa muda. Kisha akauliza kama wale waliopitwa na ngagi walikuwa nao wanasubiri pesa.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Tulikuwa tumempa mtu mmoja zamu mbili, tena zote mbili za kungoja, na kila tulivyomsaidia aikazie macho moja, ndivyo tulivyomfunga asiione nyingine. Kijana hakulala. Alikuwa macho kupita kiasi, ila macho yote yalikuwa yamekwenda kwenye karata mbili.

Mume wangu alikubali mwisho, ingawa chaja bado anaitaja wageni wakija. Zamu zikatenganishwa. Mama mkwe alichukua bomba: sasa anatundika sufuria tupu mdomoni mwa mpira kwa kamba dhaifu, maji yakija sufuria inaanguka sakafuni kwa kishindo, na kitanda chake ndicho kilicho karibu. Shemeji anacheza chumba cha nyuma. Magunia yamepandishwa juu ya matofali.

Makala tuliyaanika kwenye mawe ya uzio mpaka yakakauka. Unga haukupona, ukaenda kwa nguruwe wa jirani. Shemeji alimaliza usiku ule miongoni mwa waliolipwa, mahali pa chini, na malipo hayo hayakufikia bei ya gunia, hivyo alilijazia kwa kutengeneza simu mpaka mwisho wa mwezi uliofuata. Alimpa mama yake dola mkononi, mbele yetu. Mama mkwe akazipeleka dirishani, moja baada ya nyingine, akapitisha kidole kwenye kingo zote, na iliyokuwa na mpasuko mdogo pembeni akamrudishia.

“Hii kule soko ya Virunga habataikamata. Leta ingine.”